Si kila tumbo kubwa ni bandama: uvimbe adimu unaojificha nyuma ya magonjwa ya kawaida

Mzazi anapoona tumbo la mtoto wake limejaa kuliko kawaida, jambo la kwanza linalomjia akilini hutegemea mahali anapoishi. Huku Kwale, kuanzia Diani na Ukunda hadi Msambweni, Ramisi na Lungalunga, majibu huwa tayari kabla hata ya kumwona daktari. Mama atasema ni bandama la malaria. Jirani atasema ni minyoo. Nyanya yake mtoto atasema ni mchango. Na mtoto akikojoa damu, kila mtu, pamoja na mtoto mwenyewe, atasema ni kichocho.

Mara nyingi watu hawa husema kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Jibu linalokuwa kweli mara tisini na tisa humfanya mtu asiulize tena mara ya mia. Wapo watoto wachache ambao tumbo lao limejaa uvimbe wa saratani, nao hupewa dawa ya malaria, kisha ya minyoo, kisha ya kichocho, huku wiki zikipita. Uvimbe huo ni adimu, lakini aina mbili tutakazozizungumzia leo huweza kupona kabisa zikigunduliwa mapema. Ndiyo sababu inafaa kila mzazi, mwalimu wa nasari na mhudumu wa afya wa kijijini azifahamu.

Tumbo lina nini ndani?

Ili uelewe somo hili, ni vyema kwanza kukumbuka mpangilio wa viungo. Upande wa kulia, chini ya mbavu, kuna ini. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, kuna bandama, ambalo wengine huliita wengu. Nyuma kabisa, karibu na uti wa mgongo, kuna figo mbili, moja kila upande. Chini, juu ya kinena, kuna kibofu cha mkojo. Katikati yote haya kuna matumbo yaliyojikunja.

Kiungo chochote kati ya hivi kikikua, ngozi ya nje husukumwa mbele na tumbo huonekana kubwa. Kwa macho tu huwezi kujua ni kipi kilichokua. Mtoto mdogo naye hawezi kukueleza. Akiulizwa panapomuuma, huweka kidole kitovuni.

Uvimbe wa figo unaofanana na kichocho

Kichocho cha mkojo ni ugonjwa wa miaka mingi katika sehemu hizi. Katika miaka ya 1980, watafiti walifanya kazi kwa miaka kadhaa miongoni mwa watoto wa shule wa Msambweni, kuwapima mkojo na kuwapa dawa, na matokeo yao yamesaidia nchi nyingine kupanga matibabu ya ugonjwa huu. Basi si ajabu mzazi wa Kwale akiona mkojo mwekundu huwaza bwawa au mto ambamo mtoto huoga, na konokono wanaobeba vijidudu hivyo.

Lakini kuna ugonjwa mwingine unaoweza kuleta damu katika mkojo wa mtoto: uvimbe wa Wilms. Jina hili linatokana na Max Wilms, mpasuaji Mjerumani aliyeandika juu yake mwaka wa 1899. Ni saratani ya figo inayowapata watoto wadogo, wengi wao wakiwa chini ya umri wa miaka 5. Duniani huwapata takriban mtoto mmoja katika kila 10,000. Kwa hiyo muuguzi wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kumwona hata mmoja, ilhali kichocho amekiona mara zisizohesabika.

Uvimbe huu una tabia ya kuwahadaa watu. Mtoto huwa hana maumivu makali. Hucheza, hula, hukimbia. Aghalabu ni mama anayeugundua akimwogesha au akimvalisha suruali, anapohisi kitu kigumu upande mmoja wa tumbo, karibu na ubavu. Si wote wanaokojoa damu. Ni baadhi yao tu. Wengine hupata homa zisizoeleweka, na wengine mshipa wa damu hupanda, yaani shinikizo la damu huwa juu, jambo ambalo si la kawaida kwa mtoto wa miaka 3.

Uvimbe unaofanana na bandama

Aina ya pili ina historia inayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka wa 1957, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliitwa kumtazama mtoto wa kiume wa miaka 5 aliyevimba taya pande zote. Hakuwa ameona kitu kama hicho. Muda mfupi baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, aliona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Alipompapasa tumbo, alikuta uvimbe humo pia.

Jambo hilo lilimfanya Burkitt afungue majalada ya zamani ya hospitali. Aligundua kwamba uvimbe wa taya, wa figo, wa ini na wa ovari kwa watoto, ambao madaktari walikuwa wakiuhesabu kama magonjwa mbalimbali, mara nyingi ulikuwa ugonjwa mmoja. Aliandika juu yake mwaka wa 1958. Mwishoni mwa mwaka wa 1961, yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari karibu kilomita 16,000 kuelekea kusini mwa Afrika wakiuliza katika kila hospitali kama ugonjwa huo unajulikana. Ramani waliyoichora ilionyesha kwamba ugonjwa huu unafuata nchi zenye joto na mvua, zile zile zenye malaria. Mwaka wa 1964, wanasayansi huko London, Anthony Epstein na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr, waligundua virusi vinavyohusiana nao, ambavyo leo huitwa virusi vya Epstein-Barr.

Hapa Kenya, sehemu mbili ndizo zinazotajwa sana kwa ugonjwa huu: eneo la Ziwa Victoria na Pwani. Sababu yake ni hiyo hiyo ya malaria. Mtoto anayeugua malaria tena na tena akiwa na virusi hivyo mwilini, kinga yake huchoka, na chembechembe fulani za damu huanza kuzaana bila breki.

Wengi huujua uvimbe wa Burkitt kwa taya. Lakini unaweza kuanza tumboni bila kugusa uso kabisa, na hapo ndipo unapochukuliwa kuwa bandama au minyoo. Huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka 4 na 9. Tabia yake kubwa ni kasi. Chembechembe zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu. Mtoto aliyekuwa mzima wakati wa kufunga shule anaweza kuwa na tumbo la kutisha siku ya kufungua.

Jinsi ya kuyatofautisha

Hakuna mzazi anayeweza kupima saratani kwa mkono wake, wala hatarajiwi. Hata hivyo, kuna dalili zinazoweza kukufanya useme, "Hili halifanani na lile tulilolizoea." Zifuatazo ni tofauti muhimu.

1. Bandama la malaria hukua polepole, kwa miezi. Huanzia kushoto chini ya mbavu na kushuka kuelekea kitovuni. Lina ukingo, na mtoto akivuta pumzi hushuka kidogo. Kwa kawaida huandamana na homa za mara kwa mara na upungufu wa damu.

2. Minyoo hulifanya tumbo lote lijae, lakini mara nyingi hubaki laini. Huwezi kusema, "Kipo hapa," ukaonyesha kwa kidole.

3. Utapiamlo hujaza tumbo pia, lakini tazama mwili wote: miguu imevimba, nywele zimebadilika rangi, ngozi inabambuka, mtoto amenyong'onyea.

4. Kichocho huwapata zaidi watoto wa umri wa kwenda shule, ingawa wadogo wanaoogeshwa mtoni hawakuepuka. Damu huonekana zaidi mwishoni mwa kukojoa, na huenda mtoto akalalamika kuwa mkojo unamchoma. Hakuna kitu kigumu ubavuni.

5. Uvimbe wa Wilms huwa upande mmoja, ubavuni, mgumu na laini juu yake kama embe bichi, kwa mtoto mdogo ambaye vinginevyo anaonekana mzima.

6. Uvimbe wa Burkitt hukua kwa siku na wiki. Unaweza kuwa popote tumboni, pengine pande zote mbili. Tazama na sehemu nyingine: meno yanayolegea bila sababu, taya lililovimba, jicho linalotokeza, au miguu inayokosa nguvu ghafla. Mtoto aliyekuwa akitembea akashindwa kusimama ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo moja zaidi ambalo husahaulika ni kwamba mizani hudanganya. Uvimbe mkubwa una uzito wake. Mtoto anaweza kupanda mizani kliniki, mstari wa kadi ukaonekana mzuri, kumbe ni uvimbe uliopimwa, na mwili wake umekonda. Ndiyo maana ni bora pia kumpima unene wa mkono wa juu kwa ule utepe wa rangi. Mkono ukipungua huku tumbo likikua, hiyo si afya.

Kipimo kikionyesha malaria, je, mambo yamekwisha?

Hapa tufike kwenye kiini cha somo letu. Mtoto mwenye tumbo kubwa anapopelekwa zahanati, hutolewa damu kidoleni, na kipimo kikaonyesha malaria. Mkojo wake ukapimwa, mayai ya kichocho yakaonekana. Kila mmoja hufurahi kwamba sababu imepatikana.

Lakini fikiri, ndugu msomaji. Katika sehemu yenye kichocho kingi, watoto wengi wenye mayai katika mkojo hawana uvimbe wowote. Basi mayai hayo yanathibitisha kwamba mtoto ana kichocho. Hayathibitishi kwamba kichocho ndicho kilicholijaza tumbo. Mtoto mmoja anaweza kuwa na magonjwa mawili, la kawaida na la adimu, na lile la kawaida likamfunika mwenzake. Malaria nayo ni vivyo hivyo.

Swali la kumwuliza mtabibu ni: "Je, ugonjwa huu uliopatikana unaeleza yote tunayoyaona?" Malaria inaeleza homa. Haielezi uvimbe mgumu wa upande wa kulia. Kichocho kinaeleza damu katika mkojo. Hakielezi kitu kikubwa kama embe ubavuni mwa mtoto wa miaka 2.

Ni vizuri pia kukumbuka kwamba malaria imepungua hapa Pwani ikilinganishwa na miaka ya 1990. Zamani bandama kubwa lilikuwa jambo la kila nyumba. Leo halionekani sana kama zamani, kwa hiyo tumbo linalokua lisipewe jina hilo kwa mazoea tu.

Tiba nayo ni kipimo: weka tarehe

Hakuna anayesema magonjwa ya kawaida yasitibiwe. Yatibiwe, na yatibiwe kwanza. Lakini unapopewa dawa, uliza: "Tutarajie mabadiliko lini?" Kisha iandike tarehe hiyo nyuma ya kadi ya kliniki.

Homa ya malaria iliyotibiwa vizuri hupungua ndani ya siku chache. Bandama hurudi polepole zaidi, lakini linatakiwa kurudi, si kukua. Damu ya kichocho kwa kawaida hukoma wiki chache baada ya dawa ya prazikwanteli, na mkojo unaweza kupimwa tena. Ukiupeleka mkojo, jitahidi uwe wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, maana hapo ndipo mayai hutoka kwa wingi.

Tarehe ikifika na hakuna nafuu, kutopona huko ni jibu. Kunasema kwamba jina la kwanza lilikuwa na kasoro au halikutosha. Kosa kubwa ni kurudia dawa ile ile mara ya pili na ya tatu, au kuhama kutoka duka moja la dawa hadi jingine, kila mahali ukianza hadithi upya. Nenda na kadi ile ile, na dawa zote zilizotumika, ili mtabibu aone njia iliyokwisha kupitwa.

Kwa uvimbe mgumu unaoshikika, usingoje tarehe yoyote. Huo upigwe picha mara moja.

Usikande, usichanje

Katika vijiji vyetu kuna desturi ya kumkanda mtoto tumbo kwa mafuta, na ya kumchanja chale juu ya bandama na kupaka dawa. Wanaofanya hivyo huwa na nia njema. Lakini uvimbe wa Wilms umezungukwa na ganda jembamba. Ukikandwa, ganda linaweza kupasuka na chembechembe za saratani zikamwagika tumboni, na ugonjwa uliokuwa mahali pamoja ukaenea. Bandama lililovimba nalo linaweza kupasuka na kumwaga damu ndani. Kwa hiyo, uwe ugonjwa wa kawaida au wa adimu, mkono usikande. Chale hazifiki ndani panapougua. Huacha vidonda, na huchukua siku ambazo mtoto hana.

Hata hospitalini, uvimbe wa namna hii hupapaswa kwa upole na mara chache. Si kila mwanafunzi na kila jamaa aliyekuja kumwamkia mgonjwa apewe nafasi ya kuuminya.

Safari ya kupima

Kipimo cha kwanza si cha kuogopesha. Ni picha ya ultrasaundi, ile ile wanayopigwa akina mama wajawazito. Haina sindano wala maumivu. Kwa picha hiyo mtaalamu huona uvimbe umetoka kiungo gani, na kama ndani yake kuna maji au nyama. Hili ni muhimu hapa kwetu, kwa sababu kichocho cha muda mrefu kinaweza kuziba njia ya mkojo na kuifanya figo ijae maji. Maji ni jambo moja, nyama ni jambo jingine.

Mgonjwa wa kusini mwa Kwale anaweza kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyoko Msambweni. Ikionekana kwamba ni uvimbe wa saratani, hupewa barua ya kuvuka Likoni hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Coast General, Mombasa, ambayo wengi bado huiita Makadara, na pengine hadi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi. Barua hiyo isikae mfukoni. Kwa uvimbe wa Burkitt, wiki moja ni muda mrefu sana. Kabla ya kusafiri, hakikisha familia imesajiliwa katika SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, na umwone afisa wa ustawi wa jamii hospitalini iwapo nauli au malipo ni tatizo.

Uvimbe wa Burkitt huthibitishwa kwa kuchukua kipande kidogo au majimaji yake na kuyatazama kwa hadubini. Tiba yake si kisu bali dawa za mishipani, na tangu miaka ya 1960 huko Kampala ilionekana kwamba kuna watoto wanaopona kabisa kwa dawa hizo. Uvimbe wa Wilms hutibiwa kwa dawa pamoja na upasuaji wa kuitoa figo iliyougua. Wazazi wengi huogopa wanaposikia hivyo. Wasiogope, maana mtu huishi vizuri kwa figo moja.

Mwaka wa 2018, Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kupambana na saratani za watoto, likiwa na lengo la kuwaponya angalau asilimia 60 ya watoto hao ifikapo mwaka wa 2030. Miongoni mwa aina sita zilizochaguliwa kufuatiliwa kwanza, mbili ndizo hizi tulizozizungumzia. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, ilhali katika nchi nyingi maskini ni chini ya asilimia 30. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokana na kuchelewa kugundua ugonjwa, kukosa dawa, na kuacha matibabu katikati.

Neno kwa watu wazima

Mtu mzima wa miaka 50 aliyekulia karibu na mto, akianza kukojoa damu, naye asiseme tu, "Ni kile kichocho changu cha utotoni." Kichocho cha mkojo kisichotibiwa kwa miaka mingi kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Hapo ugonjwa wa kawaida haufanani tu na ule wa hatari, bali ndio unaoweza kuuzaa. Naye aende akapigwe picha.

Mambo ya kukumbuka

- Papasa tumbo la mtoto kwa upole unapomwogesha. Ukikuta kitu kigumu, usirudie kukiminya. Nenda hospitali.
- Damu katika mkojo wa mtoto wa chini ya miaka 5 isiitwe kichocho kabla tumbo halijachunguzwa.
- Tumbo linalokua kwa siku na wiki ni la dharura.
- Kipimo kinachoonyesha malaria au kichocho hakimalizi uchunguzi iwapo uvimbe bado upo.
- Kila dawa iwe na tarehe yake. Isipoleta nafuu, omba picha, si chupa nyingine.
- Matibabu yakianza, yakamilishwe hata kama tumbo limerudi kuwa dogo baada ya wiki mbili. Uvimbe unaoyeyuka haraka si uvimbe uliokwisha.

Ukifika mbele ya mtabibu na hujui pa kuanzia, mwambie maneno haya: "Daktari, nilianza kuliona tarehe fulani. Lilikuwa kubwa kiasi hiki, sasa ni kiasi hiki. Amepewa dawa hizi, na halikupungua. Naomba apigwe picha ya tumbo." Kwa maneno hayo machache utakuwa umempa mtabibu nusu ya uchunguzi.